Je, Anayeshindwa Kuacha Pombe Anatenda Dhambi?



Jumapili mbili zilizopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni karibu na groto ya Bikira Maria akaniuliza: "Frateri, mtu akitaka kuacha pombe akashindwa, akataka tena akashindwa tena, huyo bado anatenda dhambi? Maana kama hawezi, si hawezi?" Alisema anauliza kwa niaba ya rafiki yake. Nilimwamini nusu. Nikamjibu haraka haraka, kama dakika nne hivi, kwa sababu watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wananisubiri. Nilimtajia yale mambo matatu yanayofanya dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vizuri anachofanya, na akubali kwa hiari kamili. Nikamwambia Katekisimu inakiri kwamba mazoea yanaweza kupunguza lawama ya mtu. Akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki pale nikijisikia kama muuza duka aliyemrudishia mtoto chenji pungufu.

Jibu lile si la uongo. Ila nilishawahi kumpa mtu jibu la namna hiyo, safi, la darasani, na nusura limuue. Nimemwomba ruhusa nisimulie, amenipa, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, wala kijiji, wala mji tulikokwenda baadaye. Humu ataitwa baba mdogo tu, maana ndivyo alivyo kwangu, mdogo wake baba.

Baba mdogo ni seremala. Milango ya kigango chetu ni kazi ya mikono yake, na yale mabenchi ya mbele ambayo wazee wanapenda kukalia pia ni yake. Ni mtu mpole. Nasema hivi kwa sababu ukitaja mlevi, watu wanamwona mtu anayetukana barabarani, na yeye hajawahi kumtukana mtu. Alikuwa anakunywa kimya kimya, kuanzia asubuhi kabla ya chai, ili mikono iache kutetemeka aweze kushika msumeno.

Kwetu Kilimanjaro pombe ina heshima yake. Mbege, ile ya ndizi na ulezi, ipo kwenye posa, ipo msibani, ipo pale ndugu wanapopatanishwa. Mtoto anakua akijua kwamba kuipokea kata ni kuupokea undugu. Sisemi ni vibaya. Bwana mwenyewe aligeuza maji kuwa divai kule Kana na sijasikia mgeni aliyelalamika. Lakini tuseme ukweli jamani, siku hizi hata kwenye kipaimara na upadrisho kreti zinahesabiwa kabla ya viti. (Siku yangu ikifika nitajitahidi kuanza na viti. Mnikumbushe.) Halafu vilikuja viroba, vile vifuko vya pombe kali vinavyokaa mfuko wa shati, bei ya kitafunwa. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na wengi walishangilia, mimi mmojawapo. Baba mdogo alihamia kwenye gongo.

Sasa, nilikuwa likizo, nimemaliza mwaka wa pili wa falsafa. Nilikuwa nimetoka kufaulu mtihani wa maadili, na mtu aliyetoka kufaulu mtihani ni wa kuogopwa. Mama akaniambia, "Ongea na baba yako mdogo. Wewe umesoma, atakusikiliza." Nikaenda. Tukakaa chini ya mparachichi, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye gogo, nikaongea kama saa mbili. Nilimweleza kwamba mnyama anaendeshwa na hamu yake, lakini binadamu amepewa akili na utashi. Kwamba utashi ni wake, hakuna mtu wala pepo anayeweza kumpanua mdomo akammiminia. "Ukitaka kweli, baba," nikasema, "unaacha leo."

Alisikiliza yote. Machozi yalimtoka. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Naacha leo." Akaingia ndani, akatoka na chupa, akaimwaga kwenye mgomba mbele yangu. Usiku ule nilisali Rozari kwa furaha kubwa, na sehemu ya furaha ile, nakiri, ilikuwa ya kujipongeza.

Kesho yake alitokwa na jasho, akatapika, akatetemeka hadi kikombe kikamshinda. Nikamwambia avumilie, ni msalaba. Usiku wa kuamkia siku ya tatu akaanza kuona watu ukutani. Akaongea na bibi, ambaye tulimzika nikiwa darasa la nne. Kisha akaanguka, mwili ukakakamaa na kutikisika kama wa mtu mwenye kifafa. Jirani ana pikapu. Mungu ambariki yule jirani. Hospitali nesi akauliza kama mgonjwa ni mnywaji. Mama akajibu ameacha. Lini? Juzi. "Na nani alimwambia aache ghafla hivyo?"

Mama akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dripu.

Nilielezwa asubuhi yake, na naomba hili ulisome hata kama mengine utayaruka. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka mingi umejipanga kuishi nayo. Ukiiondoa kwa mkupuo, mishipa ya fahamu inakuwa kama gari lililokatika breki: kutetemeka, kuchanganyikiwa, kifafa, na wengine hufa kabisa. Vijana mnajua neno arosto kwa watumiaji wa unga. Ya pombe inaweza kuua. Kwa hiyo kama ni wewe, au mzazi wako, na pombe inaanza asubuhi, na mikono inatetemeka ikikosekana, usimwapize mtu aache nyumbani usiku mmoja. Nendeni hospitali kwanza, semeni ukweli kuhusu kiasi anachokunywa, aachishwe chini ya uangalizi.

Nilirudi seminari na aibu yangu. Na ajabu ni kwamba kitu nilichokuwa nimekikosa kilikuwa kwenye vitabu vilevile nilivyofanyia mtihani. Socrates alifundisha kwamba hakuna atendaye baya huku akijua kweli kuwa ni baya. Akikosea, basi kuna kitu hajakijua. Aristotle akapinga: angalieni watu, wanajua na wanafanya. Kwenye kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako anasema mtu aliyezidiwa na hamu anakuwa na ujuzi kwa namna ambayo aliyelala anao, au mlevi anao. Mlevi anaweza kukariri mashairi na hoja bila kuwa nazo moyoni. Niliposoma tena sehemu ile nilicheka peke yangu kama mwehu. Chini ya ule mparachichi mlevi alikuwa mmoja, lakini aliyekuwa akikariri alikuwa mwingine.

Na kwenye kitabu cha tatu kuna mfano wa jiwe. Mtu akirusha jiwe, hawezi tena kulirudisha mkononi; hata hivyo kulirusha kulikuwa juu yake. Vivyo hivyo aliyejiharibia afya kwa kukosa kiasi hawezi kupona kwa kutamani tu kupona. Mimi nilikuwa nimeshika nusu ya pili, ile ya lawama: ulirusha mwenyewe. Nusu ya kwanza niliiruka. Jiwe liko hewani. Kumwambia aliyelirusha "ukitaka kweli litarudi" ni kumdanganya. Aristotle anaishia pale. Mimi nikawa najiuliza: je, lipo jambo ambalo bado liko juu ya mtu yule, wakati jiwe limeshatoka? Nadhani lipo. Anaweza kupiga kelele. Anaweza kumwita mtu alidake.

Daktari aliyemruhusu baba mdogo alisema kitu ambacho mama alinisimulia kwa simu: dawa za siku chache amempa, za miaka iliyobaki hana; tumtafutie kikundi cha watu walioacha. Kikundi gani? Mama hakujua. Mimi sikujua. Na mimi ndiye niliyemaliza kozi ya utu wa binadamu!

Wazo la kwanza la kila Mkatoliki ni jumuiya. Tuna jumuiya ndogo ndogo kila mtaa, tunakutana kila wiki, tunasoma Neno, tunajuana. Nikamwambia baba mdogo, ungewaambia wanajumuiya. Akacheka kicheko kikavu. Akaniambia alishawaambia. Miaka mingi nyuma, kwenye nia za sala, nyumbani kwa mama mmoja mwenye roho nzuri kabisa, alisema, "Niombeeni, pombe inanishinda." Wakamwombea, kwa upendo. Kufikia Ijumaa watoto njiani walikuwa wanaigiza mwendo wake, na mteja mmoja akaja kuchukua mbao zake akampelekea fundi mwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alimwambia mmoja tu, "umwombee". Baada ya hapo hakusema tena kwa mtu yeyote, mpaka alipoanza kuwaona watu ukutani.

Wahubiri tunapenda sana kisa cha Mtakatifu Monika alipokuwa binti. Mwanae Augustino anakisimulia katika Maungamo: wazazi walikuwa wakimtuma kuteka divai kwenye pipa, akawa anaonja kidogo, kidogo ikakua mpaka vikombe. Siku moja mjakazi aliyekuwa akienda naye waligombana, akamtukana, akamwita mlevi. Neno lile lilimchoma, akaacha papo hapo. Nimesikia kisa hiki kikitumiwa kuonyesha kwamba aibu ni dawa. Kwa Monika ilikuwa dawa, alikuwa binti mdogo na jambo lilikuwa bado changa. Kwa baba mdogo aibu ilikuwa kufuli. Dawa moja, wagonjwa wawili. Tuwe waangalifu na visa vya watakatifu, hasa tunapovichukua ili tusiangaike na mtu aliye mbele yetu.

Basi tukaanza kutafuta. Katekista hakujua. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya alisema aliwahi kusikia, akaahidi kuuliza. Mwanadarasa mwenzangu mwenye simu nzuri kuliko yangu aliingia mtandaoni, na kabla bando halijaisha tukapata namba ya watu wa Alcoholics Anonymous, wale wanaoitwa AA kwa kifupi. Nikapiga mimi. Sauti ya mwanamume, Kiswahili cha pwani, taratibu. Nikajieleza vizuri sana. Akaniuliza, "Mwenye shida ni wewe au ndugu yako?" Ndugu yangu. "Basi mpe namba, apige mwenyewe. Hata akipiga akanyamaza, sawa. Tumezoea."

Nilikasirika kidogo. Nilitaka kumaliza jambo lile kwa niaba yake, kama mtu anavyochukuliwa cheti cha ubatizo. Baba mdogo alikaa na ile namba siku nne. Alipiga akakata mara tatu, mama ndiye aliyemhesabia. Mara ya nne akaongea.

Baadaye ndipo nikasoma jinsi watu wale walivyoanza, nikashangaa kuona wameanza hivyohivyo, kwa simu. Mwezi Mei 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa kwenye hoteli iitwayo Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka kule ilikuwa imeharibika, hana fedha, ni mwisho wa wiki, na upande mmoja wa ukumbi ule anasikia baa ikichangamka. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa. Akaenda kwenye simu. Akapiga kutafuta mlevi. Si mshauri, wala si daktari wa kumtibu: alikuwa amegundua kwamba anapoongea na mlevi mwingine, yeye mwenyewe hanywi. Simu zile zikamfikisha kesho yake kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, mlevi wa miaka mingi, aliyekubali kumwona mgeni dakika kumi na tano tu. Walikaa masaa mpaka usiku.

Napenda sana hatua zile chache, kutoka upande wa baa hadi upande wa simu. Ukimuuliza mwanafalsafa kama Bill alikuwa na uwezo wa kutokunywa, yeye peke yake, jioni ile, sijui angejibu nini. Bill mwenyewe hakuamini kwamba anao. Lakini kutembea mpaka kwenye simu aliweza. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la swali nililoulizwa kwenye groto, na la jibu langu pia. Tunauliza kuhusu mkono unaoshika glasi, kama ulikuwa huru au haukuwa. Inawezekana uhuru wa mtu yule umeshahama mkononi, umebaki mguuni.

Mkutano tulioelekezwa ulikuwa mji wa jirani, jioni, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa lisilo letu. Hili lilimsumbua baba mdogo, na wewe msomaji linaweza kukusumbua: je, Mkatoliki anaruhusiwa? Wanasali sala fupi, wanamtaja Mungu kila mmoja anavyomfahamu. Nilimuuliza mlezi wangu wa kiroho. Akatabasamu, akanisimulia habari za Sista Ignatia, ambaye kuanzia mwaka 1939 alishirikiana na yule Daktari Bob kuwalaza walevi katika hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Thomas, mjini Akron hukohuko, wakati ambapo hospitali nyingi hazikutaka kuwaona. Akanitajia na Padre Edward Dowling, Mjesuiti, asiyekuwa mlevi, aliyekuwa rafiki wa kiroho wa Bill kwa miaka. Akamaliza: "Aende. Na Jumapili aje Misa. Hakuna anayemwomba achague."

Tukapanda daladala. Njia nzima baba mdogo alikuwa akisugua kiganja kwenye goti. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na daftari, unaamini? Mlangoni alikuwa amesimama mama wa makamo, kavaa kitenge na sweta. Akamsalimia baba mdogo kwa mkono, akamwambia, "Karibu, ndugu yangu, umefika." Kisha mimi. "Na wewe unakunywa?" Nikasema hapana, mimi ni frateri, nimemsindikiza baba. Akaniambia kwa upole kwamba kuna siku milango inakuwa wazi kwa wote, ndugu na marafiki, lakini leo ni ya wenye tatizo tu. "Kuna benchi hapo nje. Chai tutakuletea."

Shahada yangu haikunifikisha hata kizingitini. Nikakaa kwenye benchi. Nilisikia sauti moja ikiongea kwa muda mrefu, kisha ukimya, kisha vicheko. Vicheko vingi! Sikutegemea vicheko. Alipotoka nikamuuliza wamesema nini.

"Ya mule yanabaki mule," akasema. Tukatembea kidogo kuelekea stendi. "Lakini mimi nimesema."

Huo ndio wivu wa kwanza niliouona moyoni mwangu nikiwa na kanzu kabatini. Miaka yote ile mtu huyu amekuwa kwenye jumuiya yetu, kwenye mabenchi aliyoyatengeneza mwenyewe, na alilazimika kwenda mji mwingine, kwa watu asiowajua, ili aseme sentensi moja na isimfuate nyumbani.

Kuna jambo moja la watu wale ambalo limenifikirisha kuliko yote. Sharti la kuwa mwenzao ni moja tu, nalo ni kuwa na hamu ya kuacha kunywa. Hawakudai uwe umeacha, wala uape kwamba hutarudia. Wanaongelea leo tu. Mwanzoni nililiona legevu. Sisi tunafundisha kwamba toba inataka nia thabiti ya kutorudia dhambi, na ni kweli. Lakini nia thabiti ni nini kwa mtu ambaye utashi wenyewe ndio unaoumwa? Baba mdogo alikuwa ameapa mara ngapi! Aliapa kwenye kaburi la bibi, aliapa kwa mkewe, aliapa kwangu akamwaga chupa. Kila kiapo kilikuwa cha kweli kilipotoka mdomoni. Nadhani tatizo lake moja lilikuwa kwamba alikuwa akiahidi kitu asichokuwa nacho, yaani miaka yote ijayo. Leo alikuwa nayo.

Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza watakatifu mashahidi 120 wa China, na mmoja wao anaitwa Mark Ji Tianxiang. Alikuwa mganga, aliugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, ikamteka. Aliungama, akarudia, akaungama, akarudia, mpaka muungamishi wake akaona hana nia ya kweli, akamzuia sakramenti. Kwa muda wa kama miaka thelathini hakupokea Ekaristi. Hakuacha afyuni, na hakuacha kanisa. Mwaka 1900 waliposhikwa na waasi wa Boxer alikataa kuikana imani, akauawa pamoja na watu wa familia yake. Simlaumu yule padre, alifuata alichojua. Ila nikimfikiria Ji amekaa nyuma kanisani miaka thelathini, akija na kurudi bila kupokea, sithubutu tena kusema huyu hana nia. Miguu yake ilikuwa na nia. Kilichomkosa, naona, ni chumba cha nyuma chenye watu wa namna yake.

Sasa nisikudanganye kwa kuishia hapo. Baba mdogo alikaa miezi mitano bila kunywa. Desemba ikaja, na mnajua Desemba ya kwetu: magari kutoka Dar, ndugu wote nyumbani, mbuzi, vinywaji. Tarehe 26 akanywa. Nilikuwepo. Nilimkuta karakanani, amelala juu ya maranda, na nilikasirika kiasi ambacho nililazimika kukiungama. Nilihesabu nauli zangu. Nilihesabu benchi. Nikasema kwa sauti, "Basi tena."

Hakusubiri ushauri wangu. Kesho yake alimpigia yule mama wa sweta, na jioni akaja kijana na pikipiki, simjui, akamchukua. Wakapitia hospitali kwanza, wakaenda. Nilimuuliza baadaye kama walimgombeza. Akasema walimpa chai wakamwambia wamefurahi amerudi akiwa hai. Nikaona ajabu, mpaka niliposoma kwamba hata Daktari Bob, wiki chache tu baada ya mazungumzo yale marefu, alikwenda mkutano wa madaktari Atlantic City akalewa vibaya. Alirudi kwa Bill. Siku aliyokunywa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa umoja wao. Wamejenga juu ya siku ya aliyeanguka na kurudi.

Kwa hiyo, kama kijana yule wa kwaya angenipa zaidi ya dakika nne, ningemwambia hivi. Mbele ya Mungu, ni kiasi gani cha lawama kinamwangukia mtu aliyetekwa na pombe anapoinua glasi, mimi sina mizani hiyo, na padre kwenye kiti cha maungamo atamsaidia kuliko mimi. Lakini lipo analoweza, na kwa hilo anawajibika: kumwambia mtu mmoja, kwenda mahali. Na hapa wajibu unatugeukia sisi. Kama tunamdai atafute, basi lazima kiwepo cha kutafutwa, na kipatikane. Ubao wetu wa matangazo parokiani una ndoa za wiki tatu, mnada wa mavuno, bei ya fulana za VIWAWA. Mtu mwenye mikono inayotetemeka akisimama pale asubuhi na mapema kabla watu hawajafika, asome nini? Tulitumia karibu miezi miwili kupata namba moja ya simu, na sisi tulikuwa wengi na mmoja wetu ana shahada.

Nimeongea na paroko. Amekubali karatasi ndogo ibandikwe, haina jina la mtu, ina namba na siku. Ameniomba pia nitafute nesi wa kuja kuongea na wanandoa, na hapo bado natafuta.

Jumatano nilimfuata yule kijana baada ya mazoezi ya kwaya. Nikamwambia nina kitu cha rafiki yake, nikampa namba na nauli ilivyo, na kwamba daladala ya saa kumi ndiyo inayowahi. Akaikunja karatasi mara nyingi, ikawa ndogo kama punje ya hindi, akaiingiza kwenye kava la simu.

"Na akifika mlangoni akaogopa kuingia?" akauliza.

Nikamwambia nje kuna benchi. Alhamisi mimi sina kipindi jioni, nitakuwa nimekaa hapo.